Mizani ya Siku ya Saba: Khabari za Kuangalia Siha ya Mtoto Mchanga Katika Mji wa Kigali

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika nyumba za Waislamu wa Kigali, tangu Biryogo hata Nyamirambo, mtoto aliyezaliwa hunyolewa nywele zake siku ya saba, akachinjiwa akika na kupewa jina. Nywele zile hupimwa uzito, na thamani ya fedha ya uzito ule ikatolewa sadaka kwa maskini. Mapokeo yaeleza kwamba Bibi Fatima, binti wa Mtume, aliwafanyia hivyo wanawe Hasan na Husein, kisha akatoa sadaka ya fedha. Basi yafahamika kuwa mizani iliingia katika chumba cha mzazi wa Kiislamu zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Lakini mizani ile ilipima nywele tu. Mizani ya kupima mwili wa mtoto mwenyewe ilikuja baadaye sana, tena kutoka mbali, na khabari ya jinsi mizani hizi mbili zilivyokutana katika mji wa Kigali yafaa kuandikwa, kwani watoto wengi walipotea kabla hazijakutana.

WALIYOYAANDIKA WAKALE

Haifai kudhani kwamba Waislamu wa zamani hawakumjali mtoto mchanga. Kurani Tukufu katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, imetaja muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza, ikaweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama, na ikawataka wawili hao washauriane wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa. Hapa pana hukumu tatu pamoja: maziwa ya mama, matunzo ya mama, na shauri baina ya wazazi. Hukumu hizo ndizo msingi wa yote yaliyofuata.

Matabibu walijenga juu ya msingi huo. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka wa 925, aliandika risala mashuhuri juu ya ndui na surua, na maandishi yake juu ya maradhi ya watoto yahesabiwa miongoni mwa ya kwanza kuyatenga maradhi hayo na ya watu wazima. Ibn al-Jazzar wa mji wa Kairuan, katika karne hiyo hiyo ya kumi, alitunga kitabu kizima juu ya malezi na tiba ya watoto. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka wa 980 na kufariki mwaka wa 1037, aliweka katika kitabu chake cha Kanuni mlango wa kumtunza mtoto tangu anapozaliwa: jinsi ya kukata kitovu, kumwosha, kumlaza na kumnyonyesha. Baada yao Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka wa 1350, alikusanya katika kitabu cha Tuhfat al-Mawdud hukumu za mtoto na malezi yake.

Lakini heshima ya mwanachuoni haiondoi haki ya elimu. Ibn Sina aliyasifu maziwa ya mama kuliko maziwa yote, ila alishauri mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine siku za mwanzo, mpaka mwili wa mama utulie. Leo matabibu wamethibitisha kinyume chake. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na yapaswa kumfikia katika saa ile ile anayozaliwa. Mwanachuoni aliyepima na kuandika kwa kadiri ya elimu ya zama zake hatahizika kwa kusahihishwa. Angehizika zaidi kama watu wangeacha kupima kwa ajili yake.

WASWAHILI WA KIGALI

Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka wa 1907 na Richard Kandt, Mdachi aliyekuwa mwenyewe tabibu. Pamoja na Wadachi walikuja askari, wapagazi, makarani na wafanya biashara wa pwani na wa bara, na wengi wao walikuwa Waislamu. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, na kwa hiyo jina la Mswahili na jina la Mwislamu yalikaribia kuwa kitu kimoja katika nchi ya Rwanda. Mwaka wa 1913 ukajengwa msikiti wa Nyamirambo. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka wa 1916 na kuitawala, Waislamu waliwekwa kando katika mitaa yao, na mtaa wa Biryogo ndio uliokuwa mashuhuri. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wasije wakabadilishwa dini. Jamii iliyotengwa hivyo ilikaa na elimu yake na desturi zake, zenye heri na zenye madhara.

Desturi za uzazi walizokuja nazo ni zile zile za pwani: mtoto kuadhiniwa sikioni, kutiwa tende kidogo kinywani, akika ya siku ya saba, na mama kukaa ndani siku arobaini huku mkunga, mama na mashangazi wakimhudumia kwa uji na maji ya moto. Wanyarwanda jirani zao nao walikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Mama alikaa ndani siku nane, na siku ya nane mtoto akapewa jina katika sherehe ya kwita izina, ambapo watoto wa jirani walilima kidogo kwa mfano, kisha wakala pamoja chakula kilichoitwa ubunnyano. Mswahili na Mnyarwanda walielewana katika jambo hili: mzazi astarehe, mtoto asiachwe peke yake, na jamaa wote wajue kwamba mtu amezaliwa.

Hiyo ndiyo heri ya desturi zile. Madhara yake yalikuwa mengine. Mtoto akilia sana au akiharisha, palikuwa na watu waliosema kwamba ana ibyinyo, yaani meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi, wakazichimba fizi zake kwa chuma. Akikohoa au asiponyonya vema, walisema ni kilimi, nacho kikakatwa. Wengine waliweka majivu au samadi juu ya kitovu. Hapana shaka wazazi walifanya hayo kwa mapenzi, lakini chuma kichafu kilileta damu nyingi na usaha, na kitovu kichafu kilileta pepopunda, ugonjwa unaomkaza mtoto mwili hata asiweze kufungua kinywa. Na wakati ule uliopotea kwa mkataji ndio uliokuwa wakati wa kumwokoa, kwa sababu mtoto aliyeacha kunyonya alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa.

MIZANI YA MWILI

Huko Ulaya nako watoto walikuwa wakifa kwa wingi. Mwaka wa 1892 tabibu mmoja wa Paris, Pierre Budin, alianza kuwaita akina mama waliozaa katika hospitali yake wamletee watoto wao kila juma, wangali wazima. Aliwapima uzito, akauandika, akawahimiza mama wanyonyeshe. Jambo hili laonekana dogo, lakini liligeuza mambo. Kabla yake tabibu alimngoja mgonjwa. Sasa alimtazama mzima ili aujue ugonjwa kabla haujasema. Kutoka Ufaransa desturi hiyo ilienea Ubelgiji, na mwaka wa 1912 Wabelgiji wakaunda katika Kongo chama cha kulinda watoto wa Kiafrika, chenye mabaraza ya kuwapima watoto wachanga.

Katika miaka ya 1950 tabibu Mwingereza, David Morley, alifanya kazi katika mji wa Ilesha, Nijeria ya Magharibi. Aliona kwamba vyeti vya watoto vikiwekwa hospitali hupotea, na mama hajui kilichoandikwa. Basi akatengeneza kadi yenye mistari iliyopinda kwenda juu, na kila mwezi uzito wa mtoto ukatiwa nukta ndani yake. Nukta zikipanda, mtoto yu katika njia ya siha. Zikilala au kushuka, pana khatari hata kama mtoto anacheka. Kadi ile alipewa mama aiweke nyumbani, na ajabu ni kwamba mama, hata asiyejua kusoma, aliitunza kuliko hospitali. Kadi za namna hiyo zilienea duniani, na ndizo asili ya kadi wanazozichukua mama wa Kigali.

Mistari ya kadi nayo ilisahihishwa. Zamani ilitokana na watoto wa nchi chache, na wengi wao walilelewa kwa maziwa ya kopo. Shirika la Afya la Ulimwengu likachagua nchi sita, nazo ni Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, likawapima watoto zaidi ya 8,000 waliolelewa vema na kunyonyeshwa na mama zao. Mwaka wa 2006 ikatolewa mistari mipya. Ilionekana kwamba watoto wa Maskati, wa Accra na wa Oslo wakipata matunzo sawa hukua karibu sawa. Kwa hiyo hakuna mzazi awezaye kusema kuwa udogo wa mwanawe ni asili ya kabila lake, akatulia, kabla hajamtafutia sababu.

KUTOKA 1962 HATA LEO

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai, 1962, na Kigali, iliyokuwa kijiji kikubwa tu, ikawa mji mkuu. Mwaka wa 1964 Waislamu waliunda umoja wao wa nchi nzima. Miaka ile vituo vya afya viliongezeka, na kufika mwaka wa 1980 nchi iliingia katika mpango wa chanjo za watoto dhidi ya maradhi sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, kupooza na surua. Ndui, ugonjwa ule alioueleza al-Razi, ulikuwa umekwisha kabla yake; mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida aliugua katika mji wa Marka, Somalia, mwaka wa 1977.

Kisha ukaja mwaka wa 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliuawa watoto wachanga migongoni mwa mama zao, waliuawa matabibu na wakunga, na vituo vya afya viliporwa. Wengi waliosalimika walilea mayatima wasiokuwa na kadi wala mtu wa kueleza siku waliyozaliwa. Miaka michache baadaye, uchunguzi wa mwaka wa 2000 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Rwanda, 196 hawakufikia umri wa miaka mitano. Yaani karibu mmoja katika kila watano.

Nchi ilianza upya. Tangu mwaka wa 1995 walichaguliwa washauri wa afya, abajyanama b'ubuzima, katika vijiji na mitaa, nao walichaguliwa na majirani wenyewe. Baadaye mmoja wao akawekwa hasa kwa waja wazito na watoto wachanga. Bima ya afya ya jamii, mutuelle, ikaenea nchini. Mwaka wa 2007 Hospitali ya Muhima, ambako wanazaliwa watoto wengi wa Kigali, ilianza kuwatunza watoto njiti kwa kuwaweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wapate joto lake na maziwa yake. Njia hiyo ilitoka Bogotá, Kolombia, ambako ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu vyombo vya kutia joto havikutosha. Mwaka wa 2009 ikaongezwa chanjo ya kichomi, na mwaka wa 2012 chanjo ya ugonjwa mmoja wa kuharisha.

Matunda yake yalionekana. Uchunguzi wa mwaka wa 2005 ulihesabu vifo 152 kwa kila watoto 1,000 kabla ya miaka mitano. Ule wa mwaka wa 2019 na 2020 ulihesabu 45. Lakini yafaa hesabu hizi zisomwe kwa makini. Mwaka wa 2005, katika vifo hivyo 152, vifo 37 vilitokea katika mwezi wa kwanza wa maisha, yapata robo. Katika uchunguzi wa baadaye, kati ya vifo 45, vifo 19 vilikuwa vya mwezi wa kwanza, yaani zaidi ya viwili kwa kila vitano. Chanjo, vyandarua na dawa zimewaokoa zaidi watoto waliokwisha kukua kidogo. Mauti yaliyosalia yamesogea karibu na kitanda cha uzazi. Yamo ndani ya zile siku arobaini.

AROBAINI NA JUMA LA SITA

Hapa ndipo desturi na elimu zinapopaswa kukaa kikao kimoja. Siku arobaini ni rehema kwa mama: anapumzika, anapikiwa, hapewi kazi nzito. Lakini zikiwa pazia la kumficha mtoto asionwe na mkunga aliyesoma, zimegeuka kuwa khatari. Sheria imemsamehe mzazi sala na saumu katika nifasi. Haikumkataza kwenda kwa tabibu. Hakuna mwanachuoni aliyefundisha kwamba mtoto mgonjwa angojee arobaini.

Shirika la Afya la Ulimwengu limeagiza mama na mtoto waangaliwe katika siku ya kwanza, tena siku ya pili au ya tatu, tena katika juma la pili, na tena katika juma la sita. Tazama jinsi siku hizo zinavyoungana na desturi. Katika siku ya kwanza mtoto huadhiniwa, na ndiyo siku ya kuchanjwa chanjo ya kifua kikuu na kupewa matone ya kupooza. Siku ya saba nywele hupimwa, na juma lile lifuatalo ni wakati wa kumpima yeye. Siku ya arobaini mama hutoka, na siku ya arobaini na mbili ndiyo mwisho wa juma la sita, siku ya chanjo zinazofuata. Kisha juma la kumi na la kumi na nne. Mama aliyetoka arobaini akaenda kituoni cha Biryogo au kingine kilicho karibu hakupoteza desturi yake hata moja.

Tende ya sunna nayo yataka ufahamu. Iliyopokewa ni chembe ndogo iliyolainishwa ikapakwa kinywani. Si ruhusa ya maji ya sukari, wala ya uji, wala ya dawa za mitishamba. Mtoto hahitaji hata tone la maji mpaka atimize miezi sita, kwani maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Asali hasa asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtu mzima hulishinda na tumbo la mtoto halina nguvu nazo.

ALAMA ZA KUANGALIWA

Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi, na mama asiogope. Lakini aurejee uzito wa kuzaliwa katika muda wa majuma mawili. Yapata mwezi wa tano uzito huo huwa umekuwa maradufu, na akitimiza mwaka huwa mara tatu. Katika majuma sita hadi minane aanza kumtazama mama na kumchekea. Katika mwezi wa tatu au wa nne shingo yake yakaza. Yapata mwezi wa sita wengi hukaa wenyewe, ingawa wengine huchelewa kidogo na hapana ubaya. Asiyeshtuka kwa sauti kubwa, au asiyefuata kitu kwa macho, aonyeshwe tabibu mapema.

Na alama za khatari katika mwezi wa kwanza, zisizongoja usiku upite, ni hizi: mtoto aliyekuwa akinyonya kisha akaacha; anayepata degedege; anayepumua upesi mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua chake kinaingia ndani kila avutapo pumzi; mwenye mwili wa moto au wa baridi kupita kiasi; aliyelegea asiyejitikisa ila aguswapo; aliyeingia umanjano siku ile ile ya kuzaliwa, au wakati wowote ukafika viganja na nyayo; na mwenye kitovu chekundu kinachotoa usaha. Utosi uliodidimia nao ni alama ya kukaukiwa maji. Mwenye alama moja katika hizi hapelekwi kwa mkata kilimi wala hafungiwi hirizi akangojewa. Anapelekwa hospitali, na dua inamfuata njiani.

Jambo hili si la mama peke yake. Aya iliyotajwa imemtaja baba kwa wajibu wake. Baba anayejua bei ya kila bidhaa dukani mwake, na asiyejua uzito wa mwanawe, amepima vitu vidogo akaacha kikubwa. Na bibi mwenye nyumba, ambaye neno lake ndilo linalofuatwa katika arobaini, ana amana kubwa kuliko wote: akisema mtoto apelekwe, atapelekwa, akisema angojewe, atangojewa.

Mizani ya siku ya saba hupima nywele kwa ajili ya maskini wa mtaa. Mizani ya kituo hupima mwili kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Zote mbili ni shukrani kwa neema moja. Wazee wa Biryogo walihifadhi ile ya kwanza katika miaka ya kutengwa, wakairithisha bila ya kupungua. Ile ya pili imewekwa karibu, hatua chache kutoka mlangoni, na wanaoirithi ni watoto wanaozaliwa usiku huu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa mji huu na mama zao, na awarehemu wale waliotangulia kabla ya kupewa majina. Amin.